Mradi wa Wilaya Tano: tumpe nani ushindi?

Ramani ya mchezo wa ubaoni ninaoubuni sasa imetulia. Wilaya zote za Dar zimo: Ilala, Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, kila mchezaji na yake. Kigamboni ilinipa kazi, maana njia za kuingilia ni chache: kivuko cha Magogoni, Daraja la Nyerere na barabara ya Kongowe. Nimeipunguzia kete za kuanzia, ikakaa sawa.

Kinachonisumbua kichwa ni ushindi. Kanuni ya "atakayebaki peke yake" naifuta. Ilala na Temeke wanamalizana Kariakoo, aliyejibanza ng'ambo anavuka kuokota mabaki. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hata hisabati inalionyesha hili: watu watatu wanapigana risasi kwa zamu, wa kwanza hakosi kamwe, wa pili hupata shabaha mara mbili kati ya tatu, wa tatu mara moja tu. Huyo dhaifu akianza, akifuatiwa na wa pili, heri yake apige hewani, wenzake washughulikiane. Sitaki mchezo unaomlipa anayekaa tu.

Baya zaidi ni kubebana, yaani aliyekwisha kushindwa kuamua nani mwingine ashinde. Jumapili barazani, Ubungo alibakiwa na kete tatu. Akazitupa zote Sinza kumvamia Kinondoni, kwa hasira za mwanzoni tu. Kinondoni akadhoofika, Temeke akatwaa ushindi bila jasho. Simlaumu Ubungo: kanuni haikumwachia kitu kingine cha kugombania, na aliyecheza vizuri usiku kucha akaondoka mikono mitupu. Iliniuma.

Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer wa 1959, una vituo 34 vya kuteka kwenye ramani, na ukifikisha 18 umeshinda. Ni zaidi ya nusu, kwa hiyo wawili hawawezi kufika pamoja. Nimefuata njia hiyo: vituo vyangu ni 25, ushindi ni 13, ila lazima uvishikilie raundi nzima ili wengine wapate zamu ya kukushusha. Raundi ya 10 ikiisha bila mtu kufika, tunahesabu pointi, na pointi za kuteka kituo hazifutwi hata ukitolewa. Mwenye kete tatu sasa anapigania kutoka nafasi ya nne kwenda ya tatu.

Kadi za aliyetolewa, nusu zinarudi benki. Kumrithisha mbabe aliyemtoa zote kunamaliza mchezo mapema mno.

Jumamosi tunajaribu raundi 8 badala ya 10, tuone kama aliyetolewa mapema hatasubiri sana.