Inuka, Ule: Mungu Alivyoanza na Mwili wa Eliya

Somo: 1 Wafalme 19:1–9

Wapendwa, nabii anayeomba kufa katika sura hii ndiye yule yule aliyeomba moto ukashuka Karmeli katika sura iliyotangulia. Tukisoma haraka tunajiuliza imani yake imekwenda wapi. Tusome polepole, tuhesabu yaliyoupata mwili wake. Siku ile alishinda mlimani mbele ya manabii 450 wa Baali, akajenga madhabahu kwa mawe 12, akapanda kileleni kuomba mvua, kisha akakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, mwendo wa zaidi ya kilometa 20. Vitisho vya Yezebeli, mke wa Ahabu, vikamfikia. Akakimbilia Beer-sheba, zaidi ya kilometa 100 kuelekea kusini, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Ndipo akasema, "Yatosha."

Mungu hakumkemea, wala hakumkumbusha moto wa Karmeli. Eliya alilala. Malaika akamgusa, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, na sababu aliyopewa ilihusu miguu na tumbo: "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilisubiri mpaka Horebu, mlima wa Mungu, baada ya siku 40. Usingizi kwanza, chakula na maji, kisha mazungumzo. Sisi mara nyingi tunaugeuza utaratibu huo. Mtu akituambia moyo wake umekauka na hawezi tena kuomba, tunamwongezea mfungo na mkesha kabla hatujamuuliza usingizi wake ukoje.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Kadiri mtu anavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ndani yake na kuleta uzito wa kusinzia. Usingizi ndio unaoipunguza. Usiku mzima hupita katika mizunguko minne hadi sita, kila mmoja wa karibu dakika 90. Usingizi mzito, ambao mwili hujikarabati ndani yake, hujaa zaidi nusu ya kwanza ya usiku. Usingizi wa ndoto hujaa nusu ya pili, na ndio unaohusika sana na kupanga kumbukumbu zenye maumivu na hofu. Kwa hiyo aliyezoea kulala saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, akianza kuamka saa kumi alfajiri, amekata robo ya muda wa kulala lakini sehemu kubwa zaidi ya usingizi wake wa ndoto.

Kesho yake, amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, huitikia kwa ukali kuliko kawaida, huku sehemu ya mbele ya ubongo, inayotakiwa kuituliza, ikiwa imelegea. Neno la kawaida la mwenzi linasikika kama tusi. Dhambi iliyokwisha kusamehewa inarudi kushtaki. Mungu anaonekana yuko mbali. Mwenye hali hiyo akijihukumu kwamba ameanguka kiroho, anaongeza hofu, na hofu huongeza adrenalini na kotisoli, homoni zinazouweka mwili macho. Usiku unaofuata analala vibaya zaidi. Ukijikuta unajitolea hukumu nzito saa tisa usiku, usiipokee; iahirishe mpaka umelala na umekula.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10. Wengi huanza kurekebisha kwa kuwahi kitandani, na hapo ndipo wanapokosea: wanalala macho, wanagaagaa, na ubongo unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Anza na saa ya kuamka. Ichague moja, uishike hata siku usiyo na kazi, na ndani ya saa ya kwanza utoke nje kwenye mwanga wa mchana kwa dakika 15 hadi 30. Mwanga huo ndio unaoirekebisha saa ya mwili, na jioni melatonini, homoni inayoleta usingizi, itaachiliwa kwa wakati wake. Kama umekaa kitandani kwa muda unaokadiria ni dakika 20 bila usingizi (usiangalie saa, kuiangalia kunaamsha), toka, keti penye mwanga hafifu, soma zaburi kwenye kitabu cha karatasi, urudi unaposinzia. Rudia hata mara tatu kwa usiku. Wiki ya kwanza utachoka zaidi, na wengi huacha hapo hapo. Vumilia, kwa kawaida mabadiliko huonekana baada ya wiki chache. Wakati huo usiendeshe gari ukiwa unasinzia.

Kafeini huziba mahali adenosini inapofanyia kazi, na kwa wastani nusu yake bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Kahawa au chai kali ya saa kumi jioni bado inafanya kazi saa tatu usiku. Ikomee saa sita mchana.

Zaburi ya 4:8 inafaa kuombwa kwa pumzi: "Katika amani nitajilaza." Vuta pumzi puani kwa hesabu ya sekunde 4 ukisema moyoni "Katika amani", itoe kwa sekunde 6 ukisema "nitajilaza". Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huamsha neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Fanya kwa dakika 5. Ukisikia kizunguzungu au ganzi kwenye midomo na vidole, unavuta hewa nyingi mno. Punguza kina cha pumzi, mwendo ubaki ule ule polepole.

Kuhusu mikesha, tunasema kwa upendo na bila kuipinga. Aliyekaa macho saa 24 hupungukiwa umakini sawa na mtu aliyelewa, kwa hiyo asishike usukani asubuhi. Mpangieni mahali pa kulala kwanza. Mwenye kifafa asikeshe, kwa sababu kukosa usingizi huchochea degedege. Mwenye ugonjwa wa baipola, unaomrusha mtu kati ya uchangamfu mkubwa na huzuni nzito, pia asikeshe: usiku mmoja bila kulala unaweza kumtupa kwenye uchangamfu uliopitiliza, ambao waumini wamewahi kuudhania kuwa ni upako. Na anayetumia insulini asifunge bila kupanga na daktari wake, maana sukari ikishuka sana anaweza kupoteza fahamu.

Kuna uchovu ambao usingizi hauumalizi. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usiku, akaamka na kichwa kinachouma, apimwe. Upungufu wa damu na tezi ya thairoidi (iliyo shingoni) iliyolegea huleta uzito wa mwili na huzuni, na vipimo vya damu huvionyesha. Huzuni au kutofurahia chochote kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, pamoja na mabadiliko ya usingizi, hamu ya kula na umakini, inaweza kuwa sonona. Ina matibabu, na kumeza dawa zake si kukosa imani.

Mtu akisema kama Eliya, kwamba angependa afe, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo; humpa nafasi ya kusema. Akikiri, usimwache peke yake hata kwenda kuita mtu. Piga simu ukiwa naye. Ondoeni karibu yake dawa, sumu, kamba na silaha, mmfikishe hospitali siku hiyo hiyo, na mmoja wenu abaki naye mpaka apokelewe. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba akaingia jangwani peke yake. Aliporudi kutoka Horebu, Mungu alikuwa amemwelekeza kwa Elisha, nabii wa baada yake, naye Elisha akainuka, akamfuata, akamhudumia.