Nimejiandikia wasifu wa marehemu na bado nakula ugali

Mi ni fundi wa injini za mitumbwi pale Kirumba Mwaloni, Mnyamwezi wa Tabora ila Mwanza nimeshakuwa mwenyeji, na mwaka jana figo zote mbili ziligoma. Sasa hivi nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne manne. Sindano nimezizoea, kinachonitesa ni maji. Figo zikishakufa maji unayokunywa hayana pa kutokea, unavimba miguu, mara mapafu nayo yanajaa, kwahiyo nimepimiwa nusu lita kwa siku, chai na mchuzi humohumo. Na nyumba yangu iko juu kwenye mawe, nikifungua mlango asubuhi naliona ziwa, kilomita za mraba elfu 68 na ushee, mi na kikombe changu cha plastiki.

Wazo la wasifu lilikuja msibani kwa jirani. Msomaji kashika karatasi, "marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu," nikamwangalia mtani wangu Mzaramo tuliyekaa naye chini ya turubai, kafunika mdomo na kofia, maana marehemu salamu alikuwa haitikii na feni ya kanisa aliyoazima mpaka leo haijarudi. Ile karatasi wanabadilisha jina tu bana. Nikasema yangu naandika mwenyewe.

Basi nikaanzia palepale mashineni, mkono wa kushoto una sindano mbili hautakiwi kutikisika, wa kulia umeshika simu. "Marehemu alikuwa mtoto wa tano kati ya saba na ndiye aliyekuwa akitumwa dukani. Alioa mwaka 1999 baada ya kukataliwa mara mbili na mwanamke huyohuyo. Ameacha mjane mmoja, kwa jinsi anavyojua yeye. Wanaomdai waje na ushahidi, anaowadai majina yao yako nyuma ya karatasi na yatasomwa kabla ya wali kugawiwa."

Nesi akaona mtu anatetemeka mabega akakimbilia kunipima presha, akajua imeshuka, kumbe nacheka. Akasoma na yeye hoi. Mzee wa kitanda cha pili akasema kijana na mimi niandikie, nikamwandikia, kila tukikutana aya moja, na alikuwa na mambo yule mzee, aya ya wake zake peke yake ilikula wiki nzima na bado wa tatu hatujamgusa. Jumatano moja nafika kitandani kwake kuna mtu mwingine. Nilienda kuzika, aya zote ziko kwenye simu mfukoni, nikashindwa kuwafuata wanawe niwaambie. Wakasoma ile ya siku zote. Mcheshi, mpenda watu.

Nilivyorudi nikaenda steshenari siku hiyohiyo, nikatoa kopi ya wa kwangu. Msomaji ni mtani, tumeshakubaliana, ye msibani hata akiingia kaburini kulala adai hela hamna wa kumgusa, sembuse kusoma karatasi. Kashaanza kunidai nusu kabisa ya malipo, eti asije akanikosa.

Kazi ilikuwa kwa mama watoto. Kaiona ile karatasi kaitupa mezani, "unaleta uchuro ndani ya nyumba yangu," siku mbili hatuongei, chakula naletewa na mtoto. Nikaikunja nikaiweka kabatini kwenye vyombo vya wageni nikanyamaza.

Wiki iliyopita natafuta sahani nikaikuta imesahihishwa kwa biro nyekundu. 1999 imekatwa, kaandika 1998. "Mara mbili" imekatwa, kaandika tatu. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake ule wa kulala, kaongeza mstari wake: "Marehemu alikuwa akiamka saa nane usiku kunyonya barafu akidhani mke wake amelala."