Tetea wangu alivyoacha kuruka ukuta

Tetea wangu mweupe kila asubuhi alikuwa anaruka ukuta anaenda kumaliza mchicha wa mama jirani, nikaamua nimkate manyoya ya mabawa yote mawili na bado akaruka, tena unyoya mmoja ukatoa damu nikaogopa sana, nikagandamiza na unga wa ngano mpaka ikakata. Kumbe unyoya mchanga una damu ndani, ukiuangalia kwenye mwanga shina lake ni jeusi jeusi, huo usiguse kabisa, uliokomaa shina ni jeupe.

Yalipoota tena nikasubiri jioni ashatulia, nikamfunika kichwa na kanga, mdogo wangu akamshika taratibu bila kumbana kifua (hapo muwe makini jamani, kuku akibanwa kifua anashindwa kupumua). Nikafungua bawa moja tu, nikakata yale manyoya 10 marefu ya mwisho, nikaishia pale manyoya mafupi yanayoyafunika yanapoanza. Bawa moja ndo siri yenyewe, akiruka anakosa balansi anashuka chini. Mchicha umepona. Akinyonyoka yataota mapya, ntakata tena.