Viza ya mwaka, siku 90: tulivyopanga safari ya mama mdogo

Mama mdogo wa Uyole alipata viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwenda Ujerumani kumwona bintiye aliyejifungua. Stika ilikuwa na tarehe za mwaka mzima, kwa hiyo akaanza kutafuta wa kumwachia shamba la viazi mwaka mzima.

Nikamwonyesha kisanduku kidogo kwenye stika: siku 90. Zile tarehe ndefu zinasema viza itatumika kuanzia lini hadi lini. Siku za kukaa ni habari nyingine.

Kasheshe iko kwenye hesabu. Ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 hazianzi Januari. Kila siku ukiwa kule unarudi nyuma siku 180, unajumlisha ulizokaa. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka nayo pia. Kukimbilia Uswisi hakuokoi kitu: haimo Umoja wa Ulaya, lakini Schengen imo.

Tulitandika kalenda ya dukani mezani, tukachora kwa kalamu nyekundu, kisha tukahakiki kwenye kikokotoo cha Kamisheni ya Ulaya mtandaoni. Akikaa 90 mfululizo kisha akatoka 90 kamili, anapata 90 mpya, maadamu viza yake ni ya kuingia mara nyingi. Yake ndiyo, basi akapanga kurudi msimu wa viazi halafu aende tena.

Anayetaka kukaa zaidi ya hapo bila kurudi aombe viza ya aina ya D, yaani ya kukaa muda mrefu, ubalozini Dar kabla ya kupanda ndege.