Kuseti nywele za dawa kwa rola nyumbani: ulaini unapatikana zikiwa bado zimelowa

Nywele zikitoka kwenye rola zimetimka, draya ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi inaonewa. Maji hulegeza vifungo vya haidrojeni vilivyo ndani ya unywele, na unapokauka vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo lile lile ulilouacha nalo. Ukiuzungusha umenyooka na kukaza, utatoka umenyooka. Ukiuzungusha na makunyanzi, draya itayakausha makunyanzi. Ndiyo maana pia seti nzuri huharibika mara moja ukinyeshewa au ukikaa kwenye bafu lenye mvuke.

Rola zinazofaa ni zile za plastiki tupu, nyororo, zenye matundu na kushikwa kwa vibanio. Zile zenye vijimeno vya kunata ni za nywele kavu; kwenye nywele za dawa zilizolowa hung'ang'ania na kukata. Za sponji hunyonya maji na hazina uso wa kunyooshea. Kuhusu ukubwa, chukua rola kubwa kabisa ambayo nywele zako zinaweza kuizunguka angalau mara moja na nusu. Kwa nywele zinazogusa mabega, rola yenye kipenyo cha sm 4 hivi inatosha. Ikiwa ndogo sana utapata vipindo badala ya ulaini. Ikiwa kubwa sana ncha zitabaki zinaning'inia. Kichwa kizima hutumia rola 20 hadi 30.

Osha kwa shampuu, paka kondishena, fumua kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Mafuta mazito yasubiri: yakitangulia, nywele huwa nzito na huchelewa kukauka.

Losheni ya kuseti nyingi huuzwa nzito, na chupa huelekeza namna ya kuzimua. Kama haisemi, anza na kijiko 1 cha losheni kwa vijiko 4 vya maji. Ikizidi ukali nywele hukakamaa. Ule unga mweupe unaodhaniwa ni mba mara nyingi ni losheni iliyokataana na krimu uliyopaka kabla yake. Pima kiganjani: weka vyote viwili, sugua, vikijiviringa vipande vipande, badilisha kimoja.

Gawa kichwa kwa ukanda mpana wa katikati kutoka paji la uso hadi kisogoni, kisha pande mbili. Upana wa kila fungu usizidi urefu wa rola, wala unene wake usizidi kipenyo cha rola; jembamba zaidi ni bora zaidi. Kipimo rahisi: chanuo la meno ya karibu lipite kutoka shinani hadi nchani kwa mkono mmoja bila kukwama. Likikwama, fumua au gawa tena.

Hapa ndipo pa kutulia. Puliza maji kwenye fungu hata kama unaona bado limelowa, kwa sababu nusu ya pili ya kichwa huanza kukauka ukiwa unahangaika na ya kwanza, na huko ndiko nywele hutimka. Inua fungu lisimame wima kutoka kwenye ngozi, lichane, funika ncha kwa kikaratasi chembamba, ziweke bapa juu ya rola, kisha zungusha ukiwa umekaza mpaka rola ikae juu ya shina lake lenyewe. Kukaza si kuumiza. Nywele za dawa zikilowa hukatika kirahisi, na zile za pembezoni mwa uso ndizo hutangulia kung'oka. Kaza kidogo tu sehemu hiyo. Kibanio kishike ukingo wa rola, kisikanyage nywele shinani, maana kitaacha alama.

Kama mara ya mwisho kuweka dawa ni zaidi ya miezi 2, una sm 2 au 3 za nywele zilizoota, na rola pekee haitazilaza kabisa. Tumia mafungu membamba na chana shina mara mbili.

Vaa wavu, kaa kwenye draya yenye joto la wastani dakika 45 hadi saa moja na nusu kulingana na wingi wa nywele. Bila draya, nywele nyingi zinaweza kulala na kuamka mbichi, hasa Pwani kwenye hewa ya unyevu kama Tanga au Mombasa. Heri kuzungusha asubuhi na kukaa karibu na feni. Fungua rola moja ya kisogoni ujaribu. Shina likiwa la baridi ukiligusa, bado kuna maji. Zikikauka, ziache zipoe dakika 10 au 15 ndipo ufungue, kwa kuzungusha nyuma, si kuvuta.

Kwa ulaini wa shina, chana nywele ukizizungushia kichwa, bana kwa pini, funga kitambaa cha satini dakika 20. Hapo sasa paka mafuta kidogo nchani.

Ncha zikitoka zimepinda kama ndoana, zilikunjika wakati wa kuanza kuzungusha. Usirudie kichwa kizima: lowesha fungu hilo tu, weka kikaratasi, zungusha upya na ulikaushe peke yake.