Madison Square Garden: sakafu tatu, ukumbi mmoja

Ukitaja Madison Square Garden, wapenzi wa ndondi watakukumbusha usiku wa Machi 8, 1971, Joe Frazier alipomwangusha Muhammad Ali raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Wana haki. Lakini kitu cha kustaajabisha zaidi katika ukumbi huu wa New York ni sakafu yake: leo hoki ya barafu, kesho mpira wa kikapu, keshokutwa tamasha la muziki, na barafu haijayeyushwa.

Ukumbi wa sasa ni wa nne kubeba jina hilo. Wa kwanza, wa mwaka 1879, ulikuwa karibu na bustani ya Madison, palipokuwa zamani na stesheni ya reli. Haukuwa na paa, na mbio za baiskeli zilikuwa sifa yake kubwa. Wa pili, wa 1890, ulichorwa na Stanford White, ambaye mwaka 1906 alipigwa risasi na kufa humo humo, kwenye ukumbi wa tamthilia wa juu ya paa. Katika ukumbi huo wa pili pia ndimo mbio za baiskeli za kupokezana za wawili wawili zilimopata umaarufu. Sheria ilipiga marufuku mtu mmoja kuendesha zaidi ya saa 12 kwa siku katika mbio za siku sita, waandaaji wakaanza kuwapanga waendeshaji wawili wawili. Mchezo huo hadi leo huitwa Madison, na umo kwenye Olimpiki. Wa tatu aliujenga promota wa ndondi Tex Rickard mwaka 1925, kwa siku 249 tu.

Huu wa nne ulifunguliwa Februari 11, 1968, juu ya stesheni ya Penn. Ili kuupisha, jengo la fahari la stesheni la mwaka 1910 lilianza kubomolewa 1963. Hilo ni pigo ambalo jiji hilo halijalisahau, na uchungu wake ulichangia kupatikana kwa sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Kwa kuwa reli zinapita chini, uwanja wa kuchezea haungeweza kuwa usawa wa barabara. Uko juu kama ghorofa ya tano. Paa lake la duara, lenye upana wa zaidi ya mita 120, limening'inizwa kwa nyaya za chuma, ndiyo maana hakuna nguzo inayomzuia mtazamaji kuona.

Sasa tuje kwenye sakafu. Ndani ya zege mmelazwa mabomba yanayopitisha kimiminika kisichoganda hata kikipoozwa chini ya nyuzi sifuri. Maji hunyunyizwa juu ya zege kidogo kidogo, tabaka likiganda ndipo jingine lifuate. Kati ya matabaka hayo hupakwa rangi nyeupe na mistari, kisha maji tena, hadi unene wa kama sentimita 3. Ukiizidisha barafu, baridi ya chini haifiki juu vizuri na uso unalainika. Ukiipunguza, vyuma vya viatu vya kutelezea vinachimba hadi kwenye rangi.

Mechi ya hoki ikiisha, mafundi wa zamu ya usiku huondoa vioo vya kinga na kufunika barafu yote kwa mapande mazito yasiyopitisha baridi. Juu yake hupangwa mapande ya mbao ngumu, zaidi ya 200 kwa uwanja wa kikapu, kila moja lina upana wa kama mita 1.2 na urefu wa mita 2.4. Mapande yana namba. Hayaingiliani kiholela, kwa sababu mistari iliyochorwa lazima ikutane. Hufungwa kwa pini, kisha goli huletwa na viti vya pembeni hupangwa.

Adui mkubwa ni unyevu. Milango ikiachwa wazi siku ya joto, hewa yenye mvuke huingia, na panapobaki mwanya kati ya mapande ya kufunika, baridi hupanda hadi kwenye mbao, nazo zinatoa jasho. Huwezi kulipiga deki likaisha, linarudi. Mwaka 2016, katika ukumbi mwingine huko Philadelphia, mechi ya timu za kikapu za 76ers na Kings iliahirishwa kwa sababu hiyo hiyo, mashabiki wakiwa tayari wamefika.

Tatizo la pekee la Garden ni malori. Sehemu ya kushushia mizigo ni finyu kwa ukumbi wa kiwango hicho, hivyo siku za matamasha malori hupanga foleni mitaani na vifaa lazima vipandishwe hadi huko juu. Hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyojadiliwa mwaka 2023, Baraza la Jiji lilipoongeza kibali cha kuendesha ukumbi kwa miaka 5 tu, baada ya kile cha miaka 10 kilichotolewa 2013. Kabla ya hapo ulikuwa na kibali cha miaka 50.