Kuamrisha kwa Kihispania: pale a na e zinapobadilishana

Kumwamrisha rafiki kwa Kihispania ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Chukua kitenzi cha wakati uliopo cha "yeye", kitumie kilivyo: habla (sema), come (kula), escribe (andika). Vinavyokaidi ni 8 tu, navyo ni vya kila siku, kwa hiyo vikariri mapema: di (ambia), haz (fanya), pon (weka), sal (toka), ten (uwe na), ven (njoo), ve (nenda), sé (uwe). Ni kama "njoo" na "nenda" zetu, ambazo nazo hazifuati mkumbo.

Kazi ipo kwenye kukataza. Hapo irabu ya mwisho inageuka: habla inakuwa no hables, come inakuwa no comas. Msemaji wa Kiswahili asiogope, kwani sisi wenyewe husema "soma", kisha "kisome" na "usisome". Kosa la kawaida ni no habla kwa maana ya usiseme. Msikilizaji ataelewa "yeye hasemi". Kwa mtu wa kuheshimiwa, tumia irabu hiyo iliyogeuka hata unapoamrisha: hable, coma.

Viwakilishi, yaani vineno kama me (mimi) na lo (hilo), navyo vinahama. Katika amri vinagandishwa mwishoni: dímelo (niambie hilo). Katika katazo vinatangulia: no me lo digas (usiniambie hilo). Tazama alama juu ya í: di peke yake haina alama, lakini silabi zikiongezeka mkazo lazima ubaki palepale, ndiyo maana inaandikwa. Vivyo hivyo sienta (ketisha), siéntate (keti).

Hispania kundi la marafiki huambiwa hablad; Amerika ya Kilatini ni hablen.